Kumuaga Mzee wa Mifuniko

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, saa kumi na moja jioni, Bw. Wekulo Wesonga, Afisa Mkuu wa Mikopo wa Nguzo Njema Sacco, atastaafu baada ya kukitumikia chama chetu cha akiba na mikopo kwa miaka thelathini na moja, miezi minane na siku ishirini na nne. Hesabu ya siku ni yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeandika "zaidi ya miaka thelathini", akanirudishia karatasi ikiwa na alama ya kuuliza pembeni.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Kezia Odero, msaidizi wake kwa miaka tisa, niandike wasifu huu. Nadhani walinichagua kwa kuwa namjua kuliko wenzangu. Huenda pia walikuwa hawajasikia yaliyotokea Oktoba. Waliosikia wataona ni kichekesho kwamba kalamu iliyomfanyia vile ndiyo imepewa kazi ya kumsifu, na sitawalaumu.

Alizaliwa Chwele, kaunti ya Bungoma, mwaka 1965, akaajiriwa hapa tarehe 4 Machi 1994 kama karani wa majalada. Wakati huo wanachama walikuwa watu wa reli na wa baraza la jiji, na ofisi yetu ya Jogoo Road ilikuwa chumba kimoja chenye meza tatu na mlango usiofungika vizuri. Watu walikopa karo na mabati. Kisha wakaanza kustaafu, na karibu kila aliyestaafu alitaka kitu kilekile: chumba kidogo kinachotazama barabara, kiwe chake na si cha kupanga, auze unga na sabuni mpaka Mungu amwite. Mwaka 1999 Bw. Wesonga alikabidhiwa mikopo hiyo ya kununua maduka. Tangu hapo hakuna mwanachama aliyenunua duka kwa pesa za chama hiki kabla Bw. Wesonga hajaliketia.

Kuliketia duka ni utaratibu wake, wala hutaukuta katika kitabu chochote cha benki. Alifika kabla duka halijafunguliwa, akiwa na kigoda chake na punje za mahindi katika mfuko wa kulia wa koti. Kila mteja alipoingia, punje moja ilihamia mfuko wa kushoto. Aliketi hivyo hadi mlango ulipofungwa. Wauzaji walijua, kwa hiyo siku hiyo waliwaita binamu, mashemeji na wapangaji waje kununua. Bw. Wesonga aliwatambua bila shida, maana mteja wa kutumwa huwa haulizi bei. Kuna muuzaji mmoja wa Umoja aliyeleta kwaya nzima ya kanisa lake. Taarifa ya siku hiyo bado ipo kwenye jalada: "Wateja thelathini na wanne. Wote wanajuana. Wote wamenunua kiberiti."

Duka likishafungwa, alianza kazi ya pili, ile iliyompa jina la Mzee wa Mifuniko. Wasomaji wetu wa mitaa mingine huenda hawajui kwamba Eastlands, huku kwetu mashariki ya jiji, imejengwa mara mbili. Kwanza baraza lilipanga nyumba na kulaza mabomba ya maji taka chini. Halafu sisi tukapanua nyumba kuelekea barabarani, chumba baada ya chumba, mpaka mabomba yakajikuta yamelala chini ya maduka yetu. Duka lililokaa juu ya bomba linaweza kubomolewa siku yoyote, bila fidia, na mkopo ukabaki umesimama peke yake. Kwa hiyo Bw. Wesonga alitafuta mfuniko wa chuma wa bomba upande wa juu, akatafuta mwingine upande wa chini, akatembea kutoka huu hadi ule kwa mstari ulionyooka akihesabu hatua. Mstari ukipita ndani ya duka, jibu lilikuwa hapana.

Hapana yake ilikuwa na heshima zake. Aliyekubaliwa alipewa dakika tano na kalamu ya kutia sahihi. Aliyekataliwa alipewa kiti, chai, na barua ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili ambacho hata mjukuu wake angeweza kumsomea. Wengi walibisha. Walisema mtaa mzima umejengwa hivyo, hata kanisa, hata nyumba ya diwani, na mabomba yamelala hapo tangu zama za baba zao bila mtu kuja kuyauliza. Bw. Wesonga aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akawajibu kwa maneno matatu ambayo kila mwanachama wa chama hiki anayajua na anayachukia. "Bomba halina haraka."

Chini ya usimamizi wake chama kimewanunulia wanachama maduka mia mbili na kumi na manne, na ni mikopo mitatu tu ambayo haikulipwa. Mwenyekiti ataitaja takwimu hiyo leo katika hotuba yake, tena zaidi ya mara moja. Takwimu ambayo hataitaja ni ya waliokataliwa. Hiyo haimo kwenye ripoti yoyote ya mwaka.

Bw. Ooko, aliyekuwa fundi wa reli, alikataliwa mwaka 2015. Alikasirika, akatoa malipo yake yote ya uzeeni, akalinunua duka hilohilo bila sisi. Miaka mitatu baadaye tingatinga lilikuja Jumatano asubuhi. Bw. Wesonga alifunga ofisi, akaenda kumsaidia kutoa rafu na magunia, akarudi saa nane akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Tulingoja aseme alivyokuwa amemwambia. Hakusema siku hiyo wala siku nyingine, na alimkemea karani aliyejaribu kusema kwa niaba yake.

Upande wa pili yupo Bi. Triza Opicho wa Mbotela. Mwaka 2009 alikataliwa mkopo wa kununua chumba karibu na soko, kwa sababu ya bomba lilelile la siku zote. Chumba hicho leo ni jengo la ghorofa mbili, linauza kuku wa kukaanga, na mwenyewe si Triza. Katika kila mkutano mkuu wa mwaka, ukifika wakati wa mengineyo, Bi. Triza huinuka na kuwapa wanachama habari za maendeleo ya lile jengo: limepakwa rangi, limewekewa vigae, limepata mpangaji anayeuza simu. Huzungumza kwa upole, anashukuru, anaketi. Na mara zote hizo Bw. Wesonga ameandika maneno yake kwenye kumbukumbu za mkutano bila kuruka hata moja.

Sasa nifike Oktoba, maana najua baadhi yenu mmefungua ukurasa huu kwa ajili hiyo.

Bw. Wesonga amepanga nyumba Dandora kwa miaka ishirini na miwili. Hatua chache kutoka mlangoni pake lipo duka la Bi. Ladan, lenye vyumba viwili: mbele unga, sukari na mafuta, nyuma meza mbili na chai yenye iliki. Kwa miaka kumi na sita amekunywa chai humo kila Jumamosi, kwenye benchi la pembeni, akisoma gazeti la Ijumaa ambalo alilipata bure ofisini. Mwezi Julai Bi. Ladan alitangaza kwamba anahamia Garissa kwa binti yake na duka analiuza.

Siku hiyo niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona katika miaka tisa. Bw. Wesonga alitaka kitu. Alinieleza tukiwa tunapiga mihuri, bila kuinua macho. Mkewe, Mama Everline, ameshatayarisha nyumba Chwele na kuna ng'ombe anayemngojea, na yeye huogopa ng'ombe. Lakini si ng'ombe hasa. Alisema kwamba kwa miaka yote hii amekuwa akienda nyumbani wakati wa Krismasi na wakati wa matanga, na huko yeye ni mgeni, anawekewa kiti chenye mto. "Huku nalaumiwa," aliniambia, "lakini najulikana." Akiwa na duka, mkewe angekubali kuja kuishi naye huku. Bila duka, mstaafu wa kupanga hana sababu ya kubaki mjini, na Mama Everline alikuwa amemwambia hivyo waziwazi.

Ilibidi mkopo upite kabla ya Novemba kuisha, angali na mshahara wa kuonyesha. Baada ya hapo angekuwa mzee mwenye kofia na barua za shukrani. Alijaza fomu yake kwa mwandiko mzuri kuliko fomu yoyote niliyowahi kupokea. Alihitaji wadhamini watatu, na kanuni haziruhusu mfanyakazi kumdhamini mfanyakazi mwenzake, kwa hivyo akalazimika kuwaomba wanachama. Hebu fikirini. Wa kwanza kutia sahihi alikuwa Bi. Triza Opicho. Nilipomuuliza kwa nini, hakuzunguka: "Acha na yeye angoje jibu, aone vile huwa."

Kazi ya kuliketia duka iliniangukia mimi kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyefunzwa. Bw. Wesonga alinikabidhi kigoda na akaniambia nisimpendelee. Naamini siku hiyo alimaanisha.

Nilienda Jumanne ya tarehe 14. Kufikia saa tatu asubuhi habari ilikuwa imezagaa kwamba Mzee wa Mifuniko mwenyewe anapimwa, na wanachama wakaanza kumiminika kutoka Mbotela, Mathare na kwingineko, kuja kujionea. Kwa kuwa ni watu wenye adabu, kila mmoja alinunua kitu. Punje zilinijaa mfukoni hadi zikaanza kumwagika. Wateja mia moja themanini na saba, na nusu yao walinisalimu kwa jina. Nilizitupa punje zile, kuku wakazila, nikarudi Alhamisi bila kumwambia mtu. Alhamisi walikuja tisini na watatu, wa kweli, wanaouliza bei na kuomba kupunguziwa. Lilikuwa duka zuri. Hati za kiwanja zilikuwa safi, na bei ilikuwa ya haki. Nilifurahi kwa ajili yake, na nilianza kuandika taarifa kichwani mwangu nikiwa bado nimekaa.

Ilibaki mifuniko. Upande wa juu niliupata mmoja kando ya tangi la muuza maji. Upande wa chini niliupata mwingine nyuma ya kinyozi. Mafundi wa baraza waliiweka kwa nafasi sawa, Bw. Wesonga ndiye aliyenifundisha, na umbali kati ya hiyo miwili ulikuwa wa kutosha mmoja zaidi katikati. Nilihesabu hatua mara tatu nikitumaini nimekosea. Hatua ya nusu ya safari ilinifikisha kwenye ukuta wa chumba cha nyuma cha Bi. Ladan.

Niliingia nikamwomba tusogeze benchi la pembeni. Alishangaa. "Hiyo haisongeshwi," alisema. "Hapo ni kwa Mzee." Tulilisogeza. Chini yake kulikuwa na plastiki ya sakafu yenye maua, na chini ya plastiki kulikuwa na mfuniko wa chuma, mkubwa, wenye herufi za baraza la jiji. Kwa miaka kumi na sita mtu aliyetafuta mifuniko kote Eastlands alikuwa amekalia mmoja.

Nilimuuliza Bi. Ladan kama alijua. Alijua tangu siku aliyonunua. Hakumficha mtu yeyote, na aliniambia hivyo bila kutahayari. "Mimi nilidhani anajua. Si yeye ndiye huangalia za watu wote?"

Jalada lilikaa kwenye droo yangu siku nne. Bw. Gichuru, mwenyekiti wa kamati ya mikopo, ni mtu mwenye moyo mzuri, na alipita mezani kwangu kuniuliza ni wapi palipoandikwa kwamba mpimaji lazima aangalie chini ya fanicha. Nilimwonyesha. Ni ukurasa wa nne wa mwongozo, na mwandiko ni wa Bw. Wesonga. Bw. Gichuru aliusoma, akasema benchi lenyewe ni zito na plastiki ile ni imara, akaondoka polepole. Nilitamani sana kumsikiliza. Nasema hivyo leo mbele ya wakaguzi wetu wa hesabu, ambao wamealikwa na wanakula mbuzi wetu.

Jumatatu nilimwambia Bw. Wesonga. Hakuniamini, na ilikuwa haki yake. Jioni hiyo tulienda pamoja. Alilivuta benchi mwenyewe, akaikunja plastiki, akauangalia ule mfuniko kwa muda, kisha akarudisha kila kitu mahali pake, akaketi. Na hapo, wapendwa, Bw. Wekulo Wesonga alianza kubisha. Alisema ule mstari wote umejengwa, si duka hili pekee. Alisema hata kanisa la pale kona liko juu ya bomba. Alisema tangu aje Dandora hajaona mtu wa baraza wala wa kaunti akifunua chochote. Alisema yote, kwa mpangilio uleule wanaoutumia wanachama, na sauti yake ilikuwa kama yao.

Nilikuwa najua jibu. Mimi ndiye niliyekuwa nimelisikia likitolewa mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai. Moyo uliniuma, nikalitoa: "Bomba halina haraka, Mzee."

Aliisogeza chai yake pembeni, ikaota ngozi ya maziwa juu. Nilidhani amenikasirikia na nadhani kwa dakika chache ilikuwa kweli. Kisha akasema, "Basi andika hapana. Na uiandike vizuri, kwa sababu mimi ndiye nitaisoma."

Niliiandika kwa ukurasa mmoja. Niliirudia mara sita. Nilimpa kiti na chai, kama ilivyo desturi ya ofisi, akasoma, akarekebisha tarehe niliyokosea, akatia sahihi kwamba ameipokea. Bi. Triza alikuja siku iliyofuata kuchukua karatasi zake za udhamini. Tulitarajia acheke, na karani wa mbele alikuwa ameshaanza kutabasamu. Aliuliza tu kama Mzee amekula, na saa saba alituma chakula.

Katika juma la kwanza la Novemba duka lilinunuliwa na kijana mmoja anayeitwa Samatar, kwa pesa taslimu, bila kuhitaji kuketiwa na mtu. Amelipaka rangi ya kijani. Ile plastiki ameitoa akaweka vigae, na biashara imeongezeka. Hakuna mtu wa kaunti aliyekuja. Hakuna aliyepima, hakuna aliyeuliza.

Kuanzia Jumatatu meza ya Bw. Wesonga itakuwa yangu, pamoja na mwongozo na kigoda. Nami pia naishi Dandora, na kila jioni napita mbele ya duka lile. Niwaambie ukweli, maana yeye amenifundisha kuandika ukweli hata pale unaponiaibisha: kila nikipita naangalia ukuta, kutafuta ile alama nyekundu ya msalaba wanayoichora kabla ya kubomoa. Samatar sina ubaya naye. Ana mke na mtoto mchanga, na hunipa salamu. Na bado macho yangu yanaitafuta ile alama, kwa sababu nisipoiona sijui kama nilimlinda Mzee wangu au nilimnyang'anya uzee wake.

Wiki iliyopita nilimuuliza kama hali hii huisha. Wengi wetu tunajua kwamba kila Jumapili baada ya kanisa Bw. Wesonga hutembea mwendo mrefu kwa miguu, Buruburu, Umoja, Mbotela, hadi Mathare na kurudi, na sisi tulimsifu kwa kufanya mazoezi. Si mazoezi. Kwa miaka ishirini na sita amekuwa akiyapitia maduka aliyoyakataa, moja baada ya jingine, kuangalia kama bado yapo. Nilimuuliza yakoje. Alivaa koti lake kwanza. "Yote yamesimama," alisema. "Isipokuwa la Ooko."

Kwa niaba ya wafanyakazi, wanachama mia mbili na kumi na wanne wenye maduka, na wale ambao hawana, asante, Bw. Wesonga. Asante kwa kila barua ya ukurasa mmoja. Mungu akupe afya, akupe miaka mingi ya amani kando ya Mama Everline, na ng'ombe awe mpole. Tutakuja Chwele wakati usio wa Krismasi wala wa matanga, na tukifika tutakataa viti vyenye mto. Nitakuandikia pia. Najua hutaniuliza habari za lile duka, kwa hivyo nakueleza kabisa: nimepita hapo leo asubuhi nikija kazini, na limesimama.